Kamati ya Kuchagua Kitabu cha C

Mama yangu haamini kwamba mtu mmoja anaweza kuchagua kitu cha maana peke yake. Ng'ombe wetu alinunuliwa na kamati. Rangi ya geti ilipitishwa na kamati, ndiyo maana geti letu lina rangi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeipenda. Kwa hiyo siku niliyorudi nyumbani Sironga, kule Nyamira, na vitabu vya kujifunzia C kwenye mkoba, ningepaswa kujua yatakayonipata. Sikujua. Mimi nami kuna siku naamka mjinga.

C, kwa asiyeijua, ni lugha ya kuandikia kompyuta maagizo. Ni ya zamani, ni kavu, haina huruma, na vijimashine vingi vidogo bado vinaandikiwa kwayo. Chuoni nilisomea umeme. Waya nilizijua, kulehemu nilijua, lakini C tuligusiwa juujuu tu na mwalimu aliyekuwa na haraka ya likizo. Nilipomaliza nilirudi nyumbani, nikachuma majani chai, nikatafuta kazi, nikachuma tena majani chai.

Ndipo nikasikia habari za Hajati. Huyu ni mama wa Kiislamu mwenye duka la vyakula vya kuku mjini Kisii, na kila mtu humwita Hajati, hata Wasabato kama sisi. Alikuwa ameanza kuuza inkubeta, yale masanduku ya umeme yanayototolesha vifaranga bila kuku kulalia. Shida yake ilikuwa kontrola, yaani kile kibati chenye kioo kidogo kinachopima joto na kuwasha au kuzima taa ya ndani. Zilizoletwa zilikuwa zimeandikiwa nchi nyingine, zinapima joto kwa Farenhaiti badala ya Selsiasi tuliyoizoea, na wateja walikuwa wanamrudishia sanduku wakilalamika hawaelewi namba zake.

Nilimwendea, nikajieleza. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"C unaijua?"

"Siijui, Hajati. Lakini waya naijua, na C nitajifunza."

Nadhani alipenda kwamba sikumdanganya. Alisukuma sanduku moja kwenye kaunta pamoja na trei ya mayai. "Haya binti. Chukua hili, liandikie programu isome joto letu la kawaida, kisha utotoleshe. Nikija nikute vifaranga, una kazi hapa dukani, zote zitakazokuja utaziandika wewe. Nisipowakuta, nina mpwa wangu Mombasa anaizungumza hiyo C kama maji. Nitampigia."

Nyumbani Mama aliongeza lake. Alisema kama hii nayo itaenda mrama, basi nijitayarishe kwenda Nairobi kwa shangazi kutafuta kazi huko, maana hawezi kunitazama nikizeeka na kikapu cha chai mgongoni. Sikutaka Nairobi. Nilikaa kwa shangazi likizo moja nikalala kwenye korido pamoja na friji. Nilitaka ile kazi ya Hajati kuliko kitu chochote.

Basi nikatafuta pa kusomea. Kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara pale Kisii nilipata kitabu kimoja kinene, jalada gumu, maandishi ya dhahabu ubavuni, hakijapasuka hata ukurasa. Nilipata pia rundo la fotokopi za mhadhiri fulani, hazina jalada, zimefungwa kwa uzi wa gunia, na juu kuna duara la kikombe cha chai. Na kwenye simu nilikuwa nimepakua video za kijana mmoja anayefundisha C kwa kupiga kelele. Ana hereni sikio moja, amevaa fulana isiyo na mikono, na kila akianza kusema unapunguza sauti.

Nilivipanga mezani nichague. Mama akatokea na ufagio.

"Hivi ni vya nini vyote?"

"Nachagua cha kusomea."

"Unachagua wewe na nani?"

Kufikia jioni baba mdogo alikuwa ameshafika, na koti lake la kanisani. Baba mdogo ni mzee wa kanisa na amekaa kwenye kamati ya uteuzi kila mwaka tangu nizaliwe, ile kamati inayopendekeza nani atakuwa shemasi, nani ataongoza kwaya. Mama ni karani wa kanisa. Nyumbani tunazungumza Ekegusii, na kunikemea hunikemea kwa Ekegusii, lakini baba mdogo alipokohoa na kufungua kikao, wote wawili walihamia Kiswahili sanifu. Hapo nikajua mambo ni makubwa.

"Kabla ya kuendelea," akasema baba mdogo, "anayejadiliwa atoke nje."

Nikainuka. Nilidhani ni mimi.

"Keti wewe. Kitabu."

Si utani. Kanisani jina lako likitajwa unatoka, ili watu wakuseme kwa uhuru. Mama akabeba kile kitabu kinene kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kiti cha veranda, akafunga mlango. Wakaanza kukijadili kwa sauti ya chini, kisisikie.

"Sifa zake?" akauliza baba mdogo.

"Ni kisafi," akasema Mama. "Kimevaa vizuri. Ukikitazama unaona kimetoka kwenye nyumba ya watu."

"Kina historia yoyote ya matatizo?"

"Mimi sijasikia."

"Kiitwe kirudi. Mwingine."

Fotokopi zilitolewa nje. Baba mdogo alitikisa kichwa muda mrefu. Hazina jalada, akasema. Hazijulikani zimetoka wapi, hazina barua ya utambulisho. Mama akasema lile duara la kikombe linaonyesha mtu aliyezishika alikuwa mzembe. Nikajaribu kusema kwamba huenda alizisoma sana mpaka chai ikamwagika, nikaambiwa nisubiri nafasi ya maoni. Nafasi hiyo haikuja.

Kisha simu yangu. Walitaka kwanza kumsikia mgombea. Nikabonyeza, kijana akaruka: "LEO TUNAVUNJA KITU, WATU WANGU! NANI YUKO TAYARI KUVUNJA KITU?" Kuku wawili walitoka mbio jikoni.

"Toa nje," akasema Mama. "Nje kabisa. Mpaka kwa miti ya chai."

Mjadala wake haukuchukua muda. Ana hereni. Hana mikono ya shati. Anafurahia kuvunja vitu. Baba mdogo alisema kwa upole kwamba huenda ni kijana mzuri, lakini hawezi kupewa darasa. Wakapigia kura kile kinene. "Wanaokubali wainue mikono. Kinyume?" Niliinua mkono kwenye kinyume, baba mdogo akanitazama kwa huruma, akatangaza kwamba kimepita bila kupingwa.

Sasa mtu atauliza, mbona ulikubali? Mama ndiye anayepika, hilo moja. La pili, kusema kweli, unene wa kile kitabu ulinitisha mpaka nikakiheshimu. Nilifikiri mtu hawezi kuandika kurasa zote hizo akiwa hana akili.

Nilikisoma. Programu yake ya kwanza niliinakili kwenye laptopu, nikaiendesha, ikakataa. Kitabu kiliomba faili la msaada ambalo lilikuwa kwenye kompyuta za enzi zile mimi sijazaliwa, na laptopu yangu hailijui hata kwa kusikia. Ningekuwa na akili ningekitilia shaka hapo hapo. Lakini Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akatoa hukumu: nilikuwa nimekimbilia vitendo mapema. Hakuna anayebatizwa kabla ya kumaliza darasa la ubatizo, akasema. Maliza kitabu kwanza, ndipo uiguse mashine.

Akakipangia ratiba kama lesoni. Wasabato wanaielewa: kila wiki somo moja, limegawanywa kwa siku, halafu Sabato mnalijadili, na kuna fungu la kukariri. Basi kila siku sehemu yangu ya C, bila kuruka mbele. Kuruka mbele, Mama alisema, ndiyo dalili ya mtu asiyetulia. Na kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, fungu la kukariri. Nilisimama sebuleni mikono nyuma, nikasema: "Hashi, inkludi, mabano ya pembe. Inti, meni, mabano tupu, fungua mabano ya mawimbi."

"Amina," akasema baba mdogo.

Wageni wakija nililetwa. Akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kanisa cha kusaidia wenye shida, walikuja kumtazama ng'ombe aliyekuwa anaumwa mguu, nikaitwa kutoka shambani, viatu vya mpira vyote matope, nikawakariria kitanzi kizima, yaani agizo linalojirudia, kuanzia sifuri hadi kumi, pamoja na alama za nuktamkato. Mmoja alitoa machozi. Alisema hajawahi kusikia mtoto wa kwetu akisema kwa ndimi akiwa amesimama wima hivyo. Mama alinyoosha leso yake kiunoni, akajifanya ni jambo la kawaida.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Nilijiona nimeiva. Niliweza kukariri sura nzima nikichuma chai, lakini sikuwa nimeandika programu hata moja ikafanya kazi.

Hajati akapiga simu. Shehena nyingine iko njiani, mayai nimeyatia? Nikamwambia leo leo, Hajati. Mama mwenyewe akaona hapa darasa la ubatizo litafupishwa kidogo. Nikaketi, nikaandika programu kutoka kichwani kama nilivyokariri. Tano gawanya kwa tisa, zidisha kwa joto la Farenhaiti lililotolewa thelathini na mbili. Hesabu ya darasa la nane. Nikaipakia kwenye kontrola, nikapanga mayai ya Hajati, nikaweka sahani ya maji, nikafunga kifuniko cha sanduku. Kioo kikaonyesha sifuri.

"Bado ina baridi," akasema Mama. "Ipe muda."

Tukaipa muda. Baba mdogo alikuja, akaiombea. Kioo kikabaki sifuri. Mama akasema pengine kibaridi cha Nyamira kimeizidi nguvu, akaifunika blanketi, na juu ya blanketi baba mdogo akaweka koti lake la kanisani. Tukaenda kufunga ng'ombe na kuchota maji. Tuliporudi nyumba nzima ilinukia kama hoteli ya stendi saa ya chai.

Mayai yalikuwa yamechemka. Yote. Kontrola ilikuwa imeamini kweli kweli kwamba sandukuni mna sifuri, kwa hiyo iliacha taa ikiwaka kwa bidii zake zote, na sisi tukaisaidia kwa blanketi. Baba mdogo alimenya moja, akalitia chumvi, akalila pole pole akiwa amesimama.

"Limeiva vizuri," akasema.

Nilipasuka. Sijawahi kumpandishia Mama sauti maishani, ila siku hiyo niliwaka. Nilimwambia kitabu si shemasi! Nilimwambia sijali kimetoka kwenye nyumba ya nani, mimi nataka kinachoweza kuniambia kwa nini hii takataka inasema sifuri! Nilisema Hajati atampigia mpwa wake, na mimi nitalala na friji ya shangazi mpaka nife, na yote kwa sababu ya maandishi ya dhahabu ubavuni! Kisha nikaketi chini nikalia kama mtoto aliyenyimwa uji.

Mama alikusanya mayai kwenye sufuria, akatoka. Baba mdogo akaniuliza kama kuna chumvi nyingine.

Nilipofuta kamasi nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilikuwa na swali moja sasa, la kweli, limenuka mpaka kwenye mapazia: kwa nini sifuri? Nikaliuliza kwa kila kimoja. Kitabu kinene, nilipekua mpaka nyuma. Jibu lilikuwemo, sitakisingizia, lakini katika sura ambayo kwa ratiba ya Mama ningeifikia mwaka mwingine, na liliandikwa kama kitu ambacho kila mtu anakijua. Fotokopi zilikuwa na mazoezi mazuri ajabu, ila kurasa za majibu mhadhiri alibaki nazo. Nikamfungua kijana wa hereni.

Alikuwa anaandika hesabu ile ile yangu. Ile ile! Aliibonyeza, ikamletea sifuri, akashika kichwa akajifanya anazimia. "UKIIPA C TANO GAWANYA KWA TISA, ZOTE NAMBA NZIMA, ITAKUPA NINI? HAINA HABARI NA VIPANDE, WATU WANGU! INATUPA VIPANDE! SIFURI! NA SIFURI UKIZIDISHA KWA CHOCHOTE?" Halafu akaandika tano nukta sifuri badala ya tano, akabonyeza, joto likatoka sawasawa, akacheza dansi fupi ya mabega.

Nilielewa kwa nini alikuwa anavunja vitu. Alianza na kosa, analifanya mbele yako bila haya, unaliona linavyonuka, ndipo analirekebisha, na kila mara anakuambia simama, andika wewe, usinitazame tu. Sikuwa nimepata mwalimu wa namna hiyo kwenye jalada lolote. Tangu siku ile nikitaka kujua kama kitu ni kizuri cha kujifunzia, ninakipelekea kosa nililolifanya mwenyewe, naona kama kinalijua. Hereni sitazami.

Nikaweka ile nukta sifuri. Kioo kikasoma ishirini na mbili, joto la sebuleni kwetu, halafu nikapuliza kipimo kwa pumzi, namba ikapanda. Nilipiga yowe mpaka baba mdogo akaangusha yai.

Lakini mayai ya Hajati tulikuwa tunayala. Nikamwambia ukweli kwa simu, kwamba nimeyachemsha. Akajibu: "Mayai ya mbegu mimi sina mengine ya kukupa, binti. Shehena ikifika nakuja hapo kwenu, wala sitauliza mayai ni ya nani."

Asubuhi nilimkuta Mama mbele ya sanduku. Alikuwa ametoa mayai ya kuku wake wa kienyeji, yale anayowawekea wateja wa sokoni Masimba waliotoa oda, na alikuwa anayapanga ndani, ncha kwa ncha, bila kunitazama.

"Huyo kijana wako wa kelele," akasema kwa Ekegusii. "Anasemaje kuhusu maji, yakae juu au chini?"

Sikuthubutu kumwambia kwamba kijana hajui chochote kuhusu kuku. Nilisema chini.

Wiki hizo tatu nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nilifanya mazoezi ya fotokopi, nikikwama namwendea kijana, nikitaka jina kamili la kitu nafungua kile kinene, ambacho kwa kuulizwa neno moja moja hakina mpinzani. Niliongeza kengele ya joto kuzidi. Mama aliketi karibu akichambua mboga na kubishana na simu. "Mbona unampigia mtoto wa watu kelele?" alikuwa akimwambia. "Alikwishaelewa! Endelea!" Baada ya siku kadhaa nikamsikia akiniita kutoka jikoni nisimwanzishe kijana bila yeye, anamalizia ugali.

Hajati alifika mvua ya alasiri ikiwa inaanza, buibui ameikunja asikanyage matope. Mama akamkaribisha, akamfutia kiti, akaniangalia kwa jicho linalosema Nyasae, Mungu wangu, ni leo. Asubuhi ile mayai yote yalikuwa bado hayajapasuka. Hajati akainama kwenye kioo, akasoma joto, akatoa kipimo chake cha zebaki kwenye mkoba, akakiingiza, akangoja, akavilinganisha. Kisha akainua kifuniko, na ndani vifaranga wawili walikuwa wamesimama wenyewe, manyoya yamelowa, wamekasirika, na yai la tatu lilikuwa linapasuka huku linalia.

"Mashallah," akasema Hajati. Alitazama mpaka la nne likatoboka. "Mpwa wangu nitamwambia abaki na bahari yake. Jumatatu uje asubuhi."

Nilimrukia nikamkumbatia, buibui na mkoba wote. Alicheka, akanipiga piga mgongoni, akakataa chai, akasema mvua itamfungia, akaondoka. Nikageuka nikutane na kicheko cha Mama. Hakuwepo.

Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, ameupa ukuta uso. Nilidhani ni moshi.

"Mama, nimepata kazi!"

"Nimesikia. Kwani mimi ni kiziwi?" Akajipangusa kwa leso. "Miezi yote hii nakusukuma utoke. Toka, toka, nenda ukatafute. Na sasa Jumatatu unatoka kweli." Akaikunja ile leso. "Nitashinda na nani humu ndani, wewe msichana? Nitamkemea nani?"

Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia ni Kisii tu, si Nairobi, jioni nitakuwa hapa, anikemee ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja. Alinivuta kichwa akakikandamiza begani kwake, kwa nguvu, kitu ambacho hajafanya tangu nikiwa mdogo, tukakaa hivyo, mvua ikipiga mabati.

Kisha akanisukuma. "Nenda ukafunge lile sanduku," akasema. "Umewaacha wazi, wanapigwa na baridi."